Mpishi Asiyeonja

Katika miaka yote niliyomfahamu Mpishi kabla hajanifuata Muyinga, mji ninakofanya kazi, nilimwona akila mara moja tu, na mara hiyo aliniamuru nifunge mlango.

Jina lake sitalitaja. Nilimpa ahadi, na isitoshe katika mtaa wetu wa Gitega hakuna aliyelitumia. Ukioa, ulimtafuta Mpishi. Ukifiwa, Mpishi alifika kabla ya mkeka wa kwanza kutandikwa. Maulidi ikikaribia, wazee wa msikiti walituma mtu kwake kwanza, ndipo wakawakumbuka wasomaji. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa mweusi kwa moshi kiasi kwamba wageni waliotupotea tuliwaelekeza kwa ukuta huo.

Alipikia nje, kwenye mafiga ya mawe, masufuria matatu kwa mpigo, akiwa amejifunga kanga mbili na kilemba alichokilinda na masizi kuliko alivyoilinda ngozi yake. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe. Hakuonja. Hilo ndilo lililomtangaza hadi mtaa wa Yoba na kwingineko: kwamba yuko mwanamke anayepika pilau ya watu mia tatu bila kutia hata tone ulimini. Aliinamia mvuke, akafumba macho, akavuta pumzi mara mbili, kisha akasema, "Chumvi kidogo tena, kijiko kimoja, usijaze." Wanawake waliomsaidia waliapa kwamba hajawahi kukosea. "Huyu anapika kwa pua," walisema, kwa fahari ileile ambayo watu wa mtaa mwingine wangejivunia mchezaji wao wa mpira.

Ili msomaji wa mbali aelewe kwa nini hakuna aliyeshangaa, nieleze jambo moja. Sisi Waislamu wa mjini tumelelewa na adabu mbili zinazogombana. Ya kwanza ni ya sinia: watu sita wanalizunguka, kila mmoja anakula mbele yake, na mkono wa jirani yako unaujua kama wako. Ya pili ni ya milimani, ya Warundi wenzetu wote: mtu mwenye heshima haonekani akitafuna. Pombe au soda unaweza kuinywa barabarani ukizungukwa na watu, lakini chakula huliwa ndani, na anayekula akitembea ni kama amevua nguo. Familia yangu ilirudi kutoka Kigoma nikiwa mtoto, na kule kwenye kambi ya wakimbizi tulizoea kula mahindi ya kuchoma popote pale. Wiki ya kwanza tuliyofika Gitega, mama alininyang'anya gunzi mkononi katikati ya soko, akalificha kwenye mtandio wake kama kitu cha wizi. Nililia. Nikajifunza.

Kwa hiyo mwanamke aliyelisha mtaa mzima bila kuonekana akimeza punje alihesabiwa kuwa kilele cha adabu. Mama yangu alinitolea mfano wake. Na unene wake, ambao ulikuwa mkubwa na uliendelea kukua mwaka hadi mwaka, ulisifiwa pia: Mungu amemjalia, ana moyo uliotulia, ameshiba maisha. Hakuna aliyejiuliza unene ule ulitoka wapi kwa mtu asiyekula. Tulimsifu kwa dalili za ugonjwa wake, moja baada ya nyingine, na naamini kila sifa ilimfungia ndani zaidi.

Alikuwa na ulimi mkali. Binti aliyemenya vitunguu kwa uvivu aliulizwa kama anawamenyea wafu. Bwana harusi aliyeingia jikoni kukagua nyama aliambiwa, mbele ya wakwe zake, "Toka hapa, we. Leo kuna nyama moja tu inayokuhusu, na haiko kwa sufuria." Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha karai. Lakini mkono wake ulikuwa laini. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili, mwembamba kama ufito, kila nilipopita alinitilia kitu kwenye bakuli lenye kifuniko nikale nyumbani. "Kula, binti wa Kigoma. Mifupa haina adabu, inatokea tu mbele ya watu."

Alinicheka pia kwa namna ninavyosema. "We unaongea Kiswahili ya redio," aliniambia. "Ukisema 'chakula hiki kitamu', mi nangoja muziki wa taarifa ya habari."

Alikuwa na misemo ambayo sijaisikia kwingine. Alisema hakuna mgeni aliyeshiba, kuna mgeni aliyenyamaza. Alisema pia kwamba chakula kinamjua anayekiogopa. Nilidhani msemo huu wa pili unawahusu wapishi wanaoanza, wale wanaoogopa kuunguza wali. Niliuelewa baada ya miaka mingi.

Mlango nilioutaja ulikuwa wa stoo, kwenye nyumba ya harusi. Ilikuwa alasiri, wageni wameshakula, bibi harusi anabadilishwa nguo ya tatu, na mimi, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, nilitumwa kutafuta upawa uliopotea. Nikasukuma mlango. Mpishi alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele, sufuria kati ya magoti, akila kwa mkono. Nasema akila kwa sababu sina neno lingine. Hakuwa anatafuna vya kutosha. Mkono wake ulikwenda na kurudi kwa mwendo mmoja, kama mtu anayechota maji ndani ya mtumbwi unaozama. Uso wake haukuwa na raha yoyote. Aliniona. Mkono haukusimama, na hilo ndilo lililonitisha: macho yake yaliniomba msamaha huku mkono ukiendelea.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga, nikiwa upande wa nje. Nikarudi kwa wanawake nikasema upawa sikuuona. Nilijipongeza kwa kumstiri mtu mzima. Nilinyamaza miaka saba, nikiita kimya kile heshima.

Sitadai kwamba nilisomea saikolojia kwa ajili yake. Nilikuwa kijana, nilitaka kuwaponya watu wote kwa pamoja. Lakini ninakumbuka siku mwalimu wetu wa chuo alipoeleza ugonjwa wa kula bila kuweza kujizuia: mtu hula kwa siri, kwa haraka, zaidi ya njaa yake, huku akijichukia, kisha hujinyima, kisha hurudia. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, nikaona gunia la mchele. Jioni hiyo nilitafuta neno ambalo ningeweza kumpelekea mama yangu au mtu yeyote wa mtaani, na sikulipata. Mnywaji tunamwita mlevi, na neno hilo, pamoja na ubaya wake, linakubali kwamba kuna kitu kimemshika. Anayeshikwa na chakula tunamwita mlafi, na ulafi ni dhambi tu. Hatukuwa tumemwachia hata nafasi ya kuugua.

Kisha nikapata kazi katika kituo cha afya huko Muyinga, kwenye chumba kimoja chenye dawati, benchi na dirisha linalotazama uwanja wa jikoni. Na mwaka wangu wa pili pale, Mpishi akaja.

Alikuja kwa sababu ya mguu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa muda mrefu, na kidonda chini ya unyayo wa kulia kilikuwa kimekataa kufunga. Daktari wa Gitega alimwambia wazi: sukari isipotulia, mguu utakatwa. Na sukari isingetulia kwa mtu anayemaliza sufuria zima mara tatu kwa wiki, hata ameze dawa kwa uaminifu kiasi gani. Daktari hakujua habari ya masufuria. Mpishi alijua. Mdogo wake alikuwa ameolewa Muyinga na mfanyabiashara wa vitenge, hivyo aliaga mtaani kwamba anakwenda kumsaidia mdogo wake, akafunga masufuria yake kwa kamba, akaja mahali ambapo hakuna aliyewahi kula pilau yake.

Aliingia chumbani kwangu akichechemea, akaketi, akanitazama vizuri.

"Binti wa Kigoma. Umenenepa kidogo. Ni vizuri."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bon. Mi nimekuja kwa sababu we ulifungua mlango ule. Wengine nitaanza kuwaelezea wapi? We unajua tayari."

Miaka saba nilidhani amesahau, au anatumaini nimesahau.

"Niambie sasa," akaendelea. "Kuna dawa ya kumeza kwa hii?"

"Kwa hii yenyewe hapa hatuna, mama."

"Sindano?"

"Hakuna."

"Yoo! Sasa mi nilitoka Gitega na huu mguu kuja kutazama macho yako?"

Nilimweleza kwa makini nilivyofundishwa. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye neno ugonjwa, alininyooshea kidole. "Simama hapo. Sema tena." Nikasema tena: ni ugonjwa, mama, una jina, una matibabu, hauna aibu kuliko malaria. Alivuta ncha ya kilemba, akajifuta jicho moja, moja tu, kama mtu aliyeingiwa na moshi.

Kisha nikakosea.

Nilikuwa na bidii ya mtu mwenye cheti kipya. Nilimwandikia orodha ya vyakula asivyopaswa kugusa: wali, maandazi, chapati, sambusa, ndizi za kukaanga, kila chenye mafuta ya mawese. Nilimpiga marufuku kukaribia jiko. Nilimpa daftari la kuandika kila anachokula, nikampandisha kwenye mizani mbele ya watu wawili, naye akasema kwa sauti, "Macho ya watu yamenipima maisha yote, leo mnaleta na chuma?" Watu walicheka, nami nikacheka, sikuona kitu. Kwa siku tisa alitii kama mwanafunzi wa madrasa. Daftari lilikuwa safi: uji, mboga za majani, maharage, majani tena. Nilijivunia. Siku ya kumi hakuja. Siku ya kumi na moja mdogo wake alikuja peke yake, akaniambia kwamba dada yake amekula wali wote uliopikwa kwa wageni wa mume wake, akala na unga wa maandazi ukiwa haujapikwa, na sasa amelala akiutazama ukuta na hataki kumwona mtu.

Nilimpelekea habari muuguzi wetu mkuu, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyekuwa amehudumia wagonjwa wa Muyinga kabla mimi sijajua kusoma. Aliisoma ile orodha yangu hadi mwisho.

"Binti, huyu mama alikosa nini?"

"Hakukosa kitu."

"Na hii hukumu ni ya nini?" Akaikunja orodha, akanirudishia. "Mulevi unaweza kumuambia asipite ku kilabu. Huyu atapita wapi? Chakula iko kwa kila mulango. Mufundishe kukaa nayo pamoja, si kuikimbia. Na jiko umemunyang'anya kwa nini? We, nikikunyang'anya vitabu vyako, utapona?"

Nilijua yote hayo. Yalikuwa kwenye madaftari yangu ya chuo: usimnyime mgonjwa, kunyimwa ndiko kunakoleta mafuriko, mpe milo ya kawaida kwa saa za kawaida, asile peke yake. Lakini nilipomwona mtu ninayempenda akiwa hatarini, nilisahau elimu nikakimbilia adhabu, kwa sababu adhabu ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilimwendea nyumbani kwa mdogo wake, nikamwomba radhi. Hakugeuka kutoka ukutani.

"Mi nilikuambia zamani," alisema. "Chakula kinamjua anayekiogopa. Na we umeniongezea uoga."

Tukaanza upya. Milo mitatu na midogo miwili katikati, wali ukiwemo, kwa kipimo alichopanga na daktari wa sukari, kwa saa zisizobadilika, awe na njaa au asiwe nayo. Na sharti moja gumu kuliko yote: mlo wa asubuhi na wa mchana aje kuula kituoni, nikiwepo. Alikubali yote hadi akafika hapo.

"Mbele yako?"

"Mbele yangu, mama."

"Nitafune, unione?"

"Ndiyo."

"Mume wangu, Mungu amrehemu, tulikaa naye miaka ishirini na mbili. Hakuniona."

Siku ya kwanza alikaa mbele ya sahani yake dakika arobaini. Alijifunika mdomo kwa kanga, akala tonge tatu chini yake, akatoa jasho kama aliyebeba gunia. Mimi nilikaa mbele yake na kalamu yangu na fomu ya kituo, nikiandika: ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi, hali ya moyo kabla, hali ya moyo baada. Wiki ya tatu kanga iliteremka hadi kidevuni. Wiki ya sita aliisahau begani.

Jiko alirudishiwa na muuguzi, si mimi. Pale Muyinga, kama kwingine kwetu, mgonjwa hupikiwa na ndugu zake, na uwanja ulio chini ya dirisha langu ulijaa wanawake kutoka Gasorwe na Gashoho, kila mmoja na mafiga yake, wakipika maharage kwa kuni mbichi. Mpishi aliwatazama siku tatu kupitia dirishani, akiteseka. Siku ya nne muuguzi alimwambia, "Shuka basi, mama, uwasaidie hao watu. Lakini kwangu iko sheria moja. Hapa hatupiki na pua."

Alishuka. Nilisimama dirishani. Alipanga upya kuni za msichana mmoja wa Gashoho aliyekuwa akimpikia mama yake, akamwuliza kama anapika maharage au anayafukuza na moshi, akatia kitunguu, akangoja. Kisha muuguzi akampa kijiko. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wanatazama, kwa kuwa habari ya mama mnene aliyetoka Gitega ilikwishaenea. Akachota. Akapuliza. Akafunika mdomo kwa mkono wa kushoto, akatia kijiko, akatafuna polepole, akameza.

Akabaki amesimama.

"Vipi?" aliuliza muuguzi. "Chumvi?"

"Chumvi iko sawa." Akachota tena, kidogo, safari hii bila kujifunika. "Kumbe ni tamu."

Yule msichana wa Gashoho akacheka, "Yoo mama, na we ndiye umepika!"

"Mi napika tangu hujazaliwa," alisema Mpishi. "Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mnakula."

Wanawake walidhani ni utani, wakashangilia. Mimi nilitoka dirishani nikakaa chini. Mtu aliyekula masufuria yasiyo na hesabu alikuwa hajawahi kuonja chakula chake.

Nisimfanye mtakatifu. Alinidanganya mara nyingi. Aliandika kwenye daftari milo ambayo mdogo wake hakuiona. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia aligombana na daktari, na mimi, na hata na imamu aliyemtumia ujumbe kwamba mgonjwa wa sukari mwenye hali yake hafungi, alishe maskini kila siku badala yake. Alikasirika kama aliyetukanwa. Baadaye alikiri sababu, akitazama pembeni: mwezi ule ndio pekee ambao kutokula kwake mchana kulikuwa na thawabu, na kula kwake jioni hakukuwa na mtu wa kukuhoji. Alikuwa akijificha ndani ya ibada, naye alijua, na ilimuuma. Basi akampikia kikongwe mmoja wa jirani kwa siku zote thelathini, na akalalamika siku zote thelathini kwamba kikongwe yule anaacha nyama.

Nami nilikuwa na ugonjwa wangu, wa kutaka sababu. Nilifundishwa kwamba nyuma ya tabia kuna jeraha, na katika nchi yetu jeraha si kitu cha kutafuta kwa taa. Nilimwuliza juu ya miaka ya vita, juu ya njaa. Alinijibu kwa subira.

"Njaa niliiona. Dada yangu huyu aliiona pamoja na mimi, tulilala kitanda kimoja. Yeye leo anaacha chakula kwa sahani, anasema ameshiba. Sasa we niambie, njaa ile ilimpitia upande gani?"

Nimeanza kuamini kwamba si lazima niwe na jibu la swali hilo ili niweze kumsaidia mtu.

Alikaa Muyinga miezi saba. Mguu ulibaki. Vidole viwili vilikwenda, kwa sababu kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani alipotufikia, na siku alipotoka kwa daktari wa upasuaji alinikataza kumpa pole: "Mwiko sishiki na miguu." Mafuriko ya masufuria yalipungua kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja kwa mwezi, kisha yakapita miezi miwili bila hata moja. Akafunga tena masufuria yake kwa kamba, akarudi Gitega. Tulizungumza kwa simu. Kila nilipomwuliza hali alijibu, "Ntakibazo," yaani hakuna shida, na sauti ilikuwa nyepesi mno kwangu mimi niliyemjua. Ikawa mwaka mmoja. Lililonitia hofu ni kwamba hakuna tena aliyemwona akila. Mtaa ulikuwa umempokea, umemsifu kwa kupungua kama ulivyomsifu kwa kunenepa, na umemrudishia heshima yake yote ya zamani. Kama angeanza kujifungia tena, mguu usingepata nafasi ya pili, na wa kwanza kujua angekuwa daktari wa upasuaji.

Mwezi uliopita nilipata likizo, nikaenda. Sikumpigia. Ninakiri kwamba sikumpigia kwa makusudi, nikafika kwake saa saba mchana, nikabisha hodi huku nikiwa na haya ya mtu anayefanya upekuzi.

"Karibu," akasema kutoka ndani.

Alikuwa mezani, pazia limefungwa juu na kuacha barabara yote ione. Mbele yake kulikuwa na ndizi za kupika, maharage, mchicha tunaouita lengalenga, na sahani moja. Nilingoja ainuke, afunike, afute mdomo, afanye yale ambayo kila mtu wa mtaa wetu hufanya mgeni akimkuta na chakula. Hakuinuka. Alimaliza alichokuwa akitafuna, akameza.

"Umenikuta nakula. Kaa, tule."

"Ahsante sana, mama. Nimeshakula."

Akanitazama. "Wapi?"

"Njiani."

"Njiani wapi? Ulikula ukitembea, kama mbuzi?"

Nikacheka, nikasema kweli sina njaa, nimekuja kumjulia hali tu. Nilikuwa nimekwishaitazama sahani yake, nimekwishaikadiria, na naamini aliona macho yangu yakirudi kutoka kwenye sufuria.

Aliweka kijiko.

"Sikia, binti. Miezi saba umekaa mbele yangu na kalamu. Umeniona nikila asubuhi, umeniona mchana. Umeniona nikilia na chakula kiko mdomoni. Mi nikuulize, na usinijibu kama redio: lini mi nilikuona we ukimeza kitu?"

Nilitafuta. Nilipitia milo yote ile, asubuhi na mchana, uji wake, wali wake, fomu zangu. Kila siku baada ya kikao nilikuwa nikisubiri aondoke, ndipo nifunge ofisi, nigeuzie dirisha mgongo, na kufungua kontena langu la chakula. Nilijiambia kwamba ndiyo maadili ya kazi. Mwalimu wangu wa chuo hakuwahi kunifundisha hivyo. Gunzi lile lililofichwa kwenye mtandio wa mama yangu ndilo lililonifundisha. Nilikuwa nimemtaka mwanamke huyu avue mbele yangu, siku baada ya siku, kitu ambacho mimi sijawahi kukivua mbele ya mtu yeyote asiye ndugu yangu.

"Sijawahi, mama," nikasema.

"Voilà."

Akainuka kwa mguu wake wenye upungufu, akaleta sahani, akapakua. Hakuuliza kiasi gani. Nikanawa. Ndizi zilikuwa laini, zimepikwa kwa nyanya na mafuta kidogo, na nilipotafuna nilisikia taya zangu mwenyewe zikivuma masikioni kama mashine ya kusaga. Barabarani walipita watu wawili wanaonijua, wakasalimu kupitia dirishani, nikawa na tonge shavuni na sikuweza kuwajibu ila kwa kichwa. Mpishi hakunikodolea macho wala hakuyakwepesha. Alikuwa anakula zake.

"Wiki iliyopita nilianguka," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema mvua imenyesha. "Sufuria ya wali. Yote. Na wiki mbili kabla ya hiyo, tena. Kwa simu nilikuambia ntakibazo."

Nilitaka kusema kitu. Mdomo ulikuwa umejaa.

"Ningekuficha na leo," aliendelea. "Ulipoingia na yale macho ya kupima, nilisema moyoni, huyu simwambii hata neno. Lakini mtu mwenye chakula mdomoni hawezi kutoa hotuba. Sasa naweza kukuambia."

Nikameza. Maswali yote yalikuwa yamejipanga: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umeruka mlo gani, nani alikuwepo, sukari ilisomaje, kesho tunaweza kumwona daktari saa ngapi. Nikafungua mdomo kuanza na la kwanza. Mpishi alikuwa ameshaweka ndizi nyingine kwenye sahani yangu na kumwagia mchuzi juu yake.

"Utauliza," alisema. "Nitakujibu yote, sitakuficha. Kwanza maliza."

Nikamaliza kwanza.